Jina la Wifi Yako

Kensington, Johannesburg
Jumapili, 22 Septemba 2024

Dada yangu Tumu,

Assalaam alaykum. Mimi huku mzima wa mwili, na nakuombea na wewe uzima wa macho, wa miguu, na wa roho ya kuishi na wapangaji wale. Baridi imeanza kukatika. Kazini Jeppe tuna magari mengi ya kunyoosha, maana watu wa mji huu wanaendesha kama wamefukuzwa, na sisi wanyoosha bodi ndio tunakula.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Juzi nilipokupigia uliniweka kwenye spika, nikamsikia mpangaji wako wa uani anajibu maswali niliyokuuliza wewe. Jambo nililo nalo si la spika. Barua hii anakuletea Twalib, yule wa Chumbageni anayesafirisha vipuri kwa basi. Jibu lako mpe yeye yeye.

Dada, wifi yako ameondoka. Wiki ya tatu leo. Alinunua tiketi ya basi mwenyewe, akafunika cherehani yake kwa shuka, akaniambia anakwenda kwa mama yake Muheza. Hakupiga kelele wala hakuvunja kikombe. Simu yangu hapokei. Mama Exaucé, jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya chini, kila asubuhi ananiuliza, "Papa Nassir, madame iko wapi? Siku mingi simuone." Namwambia amekwenda kusalimia wazee.

Chanzo ni karatasi tu. Kuna karatasi aliiona akaielewa vibaya, na mimi nikashindwa kumweleza. Ukimweleza wewe atasikia, wewe ni mwanamke mwenzake na anakuheshimu.

Nakuomba uende Muheza. Mwambie arudi. Si kwa ajili yangu tu: kibali chake cha kuishi hapa kama mke wangu kinaisha mwisho wa Juni mwakani, na tulikuwa tunakusanya vitu vya kuombea kile cha kudumu. Akirudi kabla ya hapo, mambo yatakwenda. Kikiisha akiwa huko, tunaanza upya kabisa, na hata sijui kama ana hamu ya kuanza upya na mimi.

Nyumba imekuwa kubwa, Dada. Vyumba viwili tu lakini vimekuwa vikubwa.

Mdogo wako,
Nassir


Makorora, Tanga
19 Oktoba 2024

Nassir mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Mimi nipo, nazidi kunenepa na kusahau. Mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili; daktari yuko tayari kumtoa, mimi ndiye siko tayari. Kwa hiyo barua yako nimesomewa, na hii mimi nasema mwingine anaandika. Usiwe na wasiwasi, anayeandika anatunza siri kuliko mimi, na wewe unajua mimi zinanitoka.

Hilo la spika nimelisikia. Mpangaji wa uani nimemwambia asitujibie tena, amekasirika, wiki hii hachoti maji kwenye bomba langu. Nimepumzika.

Sasa nikuulize kwanza la kwangu. Unakula? Kutoka utotoni ukikasirika hukai mezani. Mchele hauna kosa, Nassir. Upike, ule.

Muheza nimefika. Mama yake Bushra hajambo, miguu inamsumbua, amekusalimu kwa heshima yote. Bushra mwenyewe nimemwona kwa haya macho yaliyobaki. Ni mzima, amekonda kidogo. Hakulia mbele yangu. Hakukusema vibaya, na nilimpa nafasi akuseme, maana mimi si mtu wa kuziba watu midomo.

Nilimwambia yote uliyoniagiza: arudi, kibali kinaisha Juni, nyumba imekuwa kubwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, muulize yeye ni karatasi gani."

Basi nakuuliza. Umeniandikia barua nzima, na neno "karatasi" umelipitia juu juu kama mtu anayevuka dimbwi na kiatu kipya. Mwanamke mwenye akili zake hakai ndani ya basi siku tatu kwa sababu ya karatasi isiyo na neno. Ni mwanamke mwingine? Ni mkopo? Una mtoto mahali? Kama ni mtoto, sema, tutamlea. Lakini usinitume Muheza na mkoba mtupu mara ya pili.

Bushra ndiye aliyekaa hospitali wiki mbili nilipovunjika nyonga mwaka ule mlipokuja likizo, wewe ukiwa kwenye harusi za marafiki zako. Sijasahau. Kwa hiyo usitegemee nimshike mkono nimvute tu kwa sababu wewe ni damu yangu.

Nakusubiri.

Dada yako,
Tumu


Kensington, Johannesburg
17 Novemba 2024

Dada Tumu,

Assalaam alaykum. Nakula. Mama Exaucé ananiletea sombe, kisamvu cha kwao, na nyumba yote inanukia mawese, siwezi kukataa. Hapa mijakaranda imeshapukutika maua, barabara zimekuwa zambarau na zinateleza, na sisi gereji tunashukuru.

Kabla ya yote, msalimie huyo anayekuandikia. Mwandiko wake mzuri sana, umenyooka, hakuna pa kukisia. Nadhani ni binti wa yule mpangaji wa chumba cha mbele, aliyekuwa anasoma sekondari. Mwambie asiache shule.

Si mwanamke mwingine, Dada, na sina mtoto mahali. Ngoja nikueleze, hata kama ni jambo la ofisi na litakuchosha.

Hapa kila mwaka, kuanzia Julai, anayefanya kazi anajaza fomu ya kodi ya mapato. Anaeleza alichopata na alichokatwa, na wakikuta umekatwa zaidi wanakurudishia. Mwanzoni kabisa mwa fomu wanauliza kama una mke. Ukisema unaye, unaandika jina lake na namba ya pasipoti yake. Sisi wengine hatujazi wenyewe. Kuna Luqman, Mzanzibari, ana meza na kompyuta nyuma ya duka la simu kule Hillbrow. Watanzania karibu wote tunaowajua wanapanga foleni kwake. Unakaa, anafungua ya mwaka jana, anabadilisha tarakimu, unalipa, unaondoka.

Unakumbuka tulioana hapo Tanga Desemba 2018, na akanifuata huku mwezi uliofuata. Aliingia kwa muhuri wa kutembea. Muhuri ukaisha, kibali cha mke kilikuwa hakijatoka, na kwa muda mrefu alikuwa akisikia king'ora anarudi nyuma ya pazia. Mwaka huo Luqman aliponiuliza kama nimeoa, niliona namba yake ya pasipoti inaingia kwenye kompyuta ya serikali na watu wanakuja kumchukua. Nikasema sijaoa. Nilikuwa nautetea usalama wake. Hilo naapa.

Mwaka uliofuata Luqman akanakili. Na uliofuata. Yeye kazi yake ni kunakili, ndiye mwenye kosa kubwa zaidi ukiangalia vizuri.

Mwezi wa nane mwaka huu, anayetusaidia na ombi la kibali cha kudumu alimwambia wifi yako alete karatasi zozote zinazoonyesha tunaishi kama mke na mume. Akaenda juu ya kabati, akashusha faili langu la kodi, kwa sababu alidhani huko ndiko uthibitisho ulipo. Niliporudi kutoka Jeppe nilikuta karatasi sita zimepangwa kwenye meza ya cherehani, 2019 mpaka 2024. Kila moja ameizungushia mahali pamoja kwa ile chaki ya kukatia nguo. Hajaoa. Hajaoa. Hajaoa. Zote sita.

Akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nikasema, "Si mimi?"

Akasema, "Na mimi ni nani?"

Dada, nilicheka. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimechoka, mikono ina rangi, na swali lilinijia kama mzaha. Nilicheka, nikamwambia hizo ni fomu tu, mama, maji yapo ya kuoga? Akaenda kunichemshia maji. Kesho yake akaenda kununua tiketi.

Hilo ndilo jambo lote. Sasa unalijua, mwambie. Mwambie nilikuwa namlinda.

Mdogo wako,
Nassir


Makorora, Tanga
28 Desemba 2024

Nassir,

Waalaykum salaam. Vuli imenyesha vizuri. Bati ulizoniwekea miaka ile hazivuji hata tone, nalala nasikiliza mvua kama mtu mwenye pesa. Jicho moja wamelitoa takataka yake, wanasema nisubiri kabla ya la pili. Nimeanza kuona rangi lakini kusoma bado, kwa hiyo tunaendelea na utaratibu wetu. Salamu zako zimemfika anayeandika. Akaniambia niendelee.

Barua yako ilisomwa mara moja tu. Tulipofika pale uliposema ulicheka, msomaji wangu aliomba kwenda kunywa maji, na mimi nikakaa na wewe kidogo peke yangu, na hasira zangu. Ulicheka kweli, Nassir? Na maji ya kuoga ukataka?

Baba yetu alikuwa hivyo. Mama akimwambia jambo zito, anauliza chai iko wapi. Nilidhani kule ulikokwenda ungeiacha tabia hiyo.

Nimelipeleka neno lako kama ulivyoniagiza, kwamba ulikuwa unamlinda. Bushra hakubisha. Alisema hofu ya mwaka wa kwanza anaijua, alikuwa nayo yeye mwenyewe, nyuma ya hilo pazia. Alisema hata ya mwaka wa pili anaijua.

Lakini kibali chake cha mke kilitoka Novemba 2020. Anaikumbuka siku, mlikula biriani kwa Wasomali kule Mayfair, na wewe ukaipiga picha ile karatasi ukanitumia mimi. Nimeiona. Kwa hiyo serikali ya huko ilikuwa imeshajua kwamba Bushra ni mke wako, imempigia na muhuri. Aliyekuwa hajui ni wewe.

Hofu ya 2019 nimekuachia. Hofu ya 2020 nimekuachia. Sasa niambie, 2021 ulikuwa unamwogopa nani? Na 2022? Na 2023? Na hii ya juzi ya Julai?

Usiniambie Luqman. Luqman hakumwoa.

Sina la kuongeza. Nimekuombea, na nimekukasirikia, vyote siku moja.

Tumu


Kensington, Johannesburg
9 Februari 2025

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia wiki iliyopita. Basi la Twalib liliharibika Tunduma, kisha likaharibika tena upande wa Zambia, na yeye akaugua malaria njiani. Nimeisoma nikiwa nimekaa ndani ya gari la mteja, gereji imefungwa, nikashindwa kushuka.

Hongera ya jicho. Mshukuru daktari.

Nimejaribu kukujibu mara mbili nikachana. Mara zote mbili nilikuwa nimerudi kwa Luqman. Ngoja niseme sasa, usinikatize.

Mwaka 2021 Luqman hakunakili. Aliacha kuandika, akanigeukia, akaniuliza, "Sheikh, wewe si umeoa? Mbona nakuona na shemeji sokoni? Tubadilishe?" Nikamuuliza tukibadilisha kutatokea nini. Akasema hajui, labda hakuna kitu, labda watauliza kuhusu miaka ya nyuma, labda marejesho ya kodi yatachelewa mpaka waridhike.

Wiki ile ulikuwa umenipigia kwamba mvua inaingia chumbani kwako na umehamishia kitanda sebuleni. Nilikuwa nimeyapangia marejesho yale. Nikamwambia, "Acha kama mwaka jana." Akasema, "Sharp," akabonyeza. Robot ya hapo nje, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, ilikuwa nyekundu nilipoingia, nadhani ilikuwa bado nyekundu nilipotoka.

Bati zako zimetoka hapo. Sikuambii ili nikutwike. Ungeniambia nisubiri ningesubiri, lakini sikukuuliza. Sikumuuliza na yeye. Angesema tusubiri, kisha angekutumia pesa zake za kushona mapazia, namjua.

Na 2022, Dada, sikuwa na sababu. Hilo ndilo linaloniuma. Mimi na Luqman tulikuwa tunaongea mpira. Akasema, "Kama mwaka jana?" nikasema, "Kama mwaka jana." Mwaka 2023 hata hakuuliza. Hakukuwa na hofu tena, wala bati. Nilizoea tu. Nilitoka hapo nikapita dukani nikamnunulia nyuzi alizoniagiza, nyeupe na za krimu, nikafika nyumbani nikala chakula chake. Nilimkana mchana na jioni nikala chakula chake, na sikuhisi chochote. Siku hizi ndiyo nahisi, tena vibaya.

Nimefanya hivi. Wiki hii nimekaa na Luqman siku nzima, nikamwambia zote tusahihishe, zile wanazokubali kurudiwa. Akasema naweza kutozwa faini. Nikasema nitozwe. Ya mwaka jana imeshakubaliwa. Nimekuwekea nakala humu. Msomaji wako akutafutie ukurasa wa kwanza: ameoa, na jina la wifi yako limo, na namba ya pasipoti yake. Luqman alilichapa kutoka kwenye kivuli cha pasipoti nilichokuwa nacho.

Mwambie arudi. Mwambie karatasi sasa inasema kweli. Juni haijafika. Nimemfunulia cherehani, nimeitia mafuta, nimeirudisha dirishani anapopenda, pale penye mwanga.

Kama hataki kurudi aseme anataka nini, nitafanya. Lolote.

Mdogo wako,
Nassir


Makorora, Tanga
5 Aprili 2025

Nassir mdogo wangu,

Waalaykum salaam, na Idd mubarak iliyopita. Tumefunga salama. Jicho la pili nalo limetengenezwa kabla ya Ramadhani. Naona mpaka sisimizi. Nimeona pia kwamba nimezeeka, hakuna aliyeniambia.

Za bati nimezisikia. Nililala macho nikiziangalia. Nilikusumbua sana mwaka ule na simu zangu, kila siku mvua, kila siku kitanda. Sikujua nani analipia. Nisamehe sehemu yangu, na Bushra nimemwomba msamaha mwenyewe, akasema mimi sina kosa. Sijui kama nimekubali.

Sasa kuna jambo nililokuficha, na nilikuficha kwa makusudi. Tangu Septemba Bushra anakaa kwangu. Muheza nyumba imejaa, kaka yake amerudi na watoto wanne. Alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja Makorora, akaniambia, "Dada, nipokee kama huwezi kunikataa." Barua yako ya kwanza ilipofika, aliyenisomea ni yeye. Sina mtu mwingine. Binti wa mpangaji aliolewa mwaka juzi.

Na barua zangu ni yeye aliyeziandika. Mimi nimesema, yeye ameandika, neno kwa neno, hata pale nilipomtaja yeye mwenyewe. Nilitaka kukuambia baada ya ile ya kwanza. Akaniomba nisubiri. Akasema, "Atautambua mwandiko." Ikaja yako ya Novemba. Umemsalimia, umemsifu, umemwambia asiache shule.

Nassir, miaka sita. Nilimwambia aweke kalamu chini siku ile, nikamkumbatia.

Mimi macho yamepona, hii nimeiandika kwa mkono wangu, utaona ilivyopinda. Chini hapa nimempa karatasi aseme lake. Sijasoma.

Dada yako,
Tumu

*

Nassir,

Assalaam alaykum. Nimesoma barua zako tatu kwa sauti, na kila niliposoma nilitumaini. Nakushukuru kwa kusema kweli katika ile ya mwisho, najua ilikuwa kazi.

Sikukulaumu kwa mwandiko mwanzoni. Nilifikiri, atauona wapi? Tunatumiana meseji. Orodha ya nyuzi nakupigia simu. Kisha nikakumbuka kwamba huwa wanandoa wanajaza vitu pamoja, mmoja anasaini hapa, mwingine pale. Mimi na wewe hatujawahi, tangu ile siku ya kwanza mbele ya sheikh. Maombi yangu ya kibali niliyajaza peke yangu na wewe ukasaini mwisho bila kusoma. Kila mahali walipouliza mume niliandika Nassir Bakiri Semboja. Kliniki, maktaba, duka la cherehani za mkopo. Siku ile mimba ilipoharibika, nesi aliniuliza jina la mume, nikalitaja herufi kwa herufi huku naumwa.

Barua zako tatu nimezirudia nikiwa peke yangu. Jina langu halimo. Wifi yako, wifi yako, na mke wangu mara moja tu. Najua kwenu ni adabu. Lakini nililitafuta.

Kwenye fomu uliyotuma limo, kalichapa Luqman. Namba aliyoweka ni ya pasipoti yangu ya zamani. Mpya ninayo tangu mwaka juzi, na ulinisindikiza kuichukua.

Ulisema niseme ninachotaka. Sitarudi. Nimepata chumba cha kushonea karibu na soko la Mgandini na wateja wameanza kunizoea. Nataka talaka yangu. Uiandike kwa mkono wako, usimpe mtu akuandikie. Jina langu lote na la baba yangu.

Cherehani mpe Mama Exaucé.

Bushra


Kensington, Johannesburg
Jumapili, 18 Mei 2025

Bushra,

Assalaam alaykum. Nakuombea uzima, wewe na mama, na chumba chako cha Mgandini kijae kazi. Hapa baridi imeingia. Cherehani imeshuka ghorofa ya chini jana. Mama Exaucé amelia, akasema, "Mwambie madame nitaichunga," na asubuhi hii nimeisikia ikifanya kazi.

Nilitaka kukuomba ufikirie tena. Niliandika ombi hilo, refu, lina kila kitu. Nimeliweka juu ya kabati pamoja na faili. Wewe ulisema unachotaka, na mimi nilisema nitafanya, basi nafanya.

Barua zako zote nimezipanga mezani, zile nilizodhani za Dada. Sasa nakuona humo. Pale kwenye biriani ya Mayfair ulibonyeza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Nimeshika mahali pale kwa kidole. Nimejuta, Bushra. Si kwa sababu ya Juni wala ya kibali. Nimejuta kwa sababu ulikuwa hapa, mbele yangu, miaka yote hiyo, na mtu akiniuliza kama upo nilisema hupo, mara sita.

Baba alitufundisha kwamba jina la mke halitajwi ovyo mbele ya watu. Nililishika hilo mpaka nikakunyima hata pale lilipohitajika. Sikulaumu kwa kulitafuta.

Nimemwita Twalib na imamu wetu wawe mashahidi. Luqman sikumwita. Twalib ndiye atakayekuletea, na safari hii amekataa kuchukua nauli ya barua.

Uliyoiomba ni hii:

Mimi, Nassir bin Bakiri Semboja, nimemwacha mke wangu Bushra binti Seif Mhando, kwa talaka moja, leo tarehe 18 Mei 2025. Nimeandika kwa mkono wangu na kwa akili yangu, mbele ya mashahidi waliotia saini hapa chini.

Pasipoti yako mpya nilitafuta namba yake kwenye picha za simu, ile siku niliyokusindikiza. Uliishika usoni ukacheka, namba haionekani. Kwa hiyo sikuiweka.

Jina lako nililiandika kwanza mara kadhaa kwenye karatasi ya kando, nisije nikalikosea.

Nassir